Kukwepa Gari la Baba Mkwe

Nilikipiga kioo cha gari la baba mkwe wangu kwa kiganja, nikakipiga tena. Mvua ilikuwa inanichuruzika mpaka kwapani, magoti yana matope, mtoto mgongoni ana homa. Kioo ni cheusi, huoni ndani, kwa hiyo sikujua kama yumo. Kiliposhuka nikaona yumo, amevaa koti, redio inasoma taarifa ya habari. Nikamtazama machoni.

"Baba, toa gari njiani. Mtoto anaumwa."

Asiye wa huku atasema ni maneno ya kawaida. Kwao mume wangu, Wanyakyusa wa kushika mila, mkamwana hamsogelei baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, na wakikaribia kukutana njiani yeye ndiye anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Familia nyingi hapa Tukuyu mjini zimeshaacha. Yetu haijaacha. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha jikoni akanieleza yote, na mimi na kidato cha nne changu nikasema sawa. Nyumba zetu zinapakana hapa Bulyaga, lakini haikuwa shida. Nikisikia kikohozi chake nilisogea nyuma ya ukuta, anapita, naendelea kufua.

Shida ilikuja na gari.

Mzee ana shamba la parachichi upande wa Kawetele. Mwaka ambao bei ilikaa vizuri akanunua pikapu nyeupe, ya milango minne, ndefu, ya juu kiasi kwamba mwenyewe anaipanda kwa kujivuta. Watu wakaja kupongeza, soda zikanywewa. Halafu ikafikishwa getini, haikuingia. Geti alilijenga zamani kwa kupitisha mkokoteni, na hakuna hata mmoja aliyekwenda na kamba kulipima kabla. Basi pikapu ikabaki kwenye kichochoro, ukuta wake huku, mtaro wa maji huku. Hiyo ndiyo njia yetu ya kutokea barabarani. Hatuna nyingine.

Mtu akijibana anapita. Mimi siwezi kujibana, kwa sababu mzee anakaa ndani ya lile gari kama wenzake wanavyokaa kibarazani. Anapanda asubuhi, anafunga vioo, anasikiliza redio, haendi popote. Siku nyingine hayumo. Nitajuaje? Nikawa nalikwepa gari lenyewe. Likiwa pale naliinamia kwa adabu kana kwamba yumo, nageuka, nashuka kwenye migomba, navuka kijito, napanda tena mpaka kijiwe cha bodaboda. Na mvua ya Rungwe mnaijua.

Vijana wa bodaboda walifanya mchezo.

"Dada, pita tu, leo hayumo."

"Yumo, nimeona moshi wa pumzi kwenye kioo."

"Mnamdanganya mke wa mtu. Dada, ziamkie taa za mbele, zikikuitikia ujue yumo."

Mwanzoni nilicheka nao.

Aliponunua alisema ni gari la shamba. Shamba gani? Mkungu wa ndizi haupandi mle, utomvu utachafua rangi. Parachichi zake mwenyewe zinabebwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha kukodi, na yeye anakifuata nyuma na pikapu tupu, taratibu, kama anamsindikiza bibi harusi. Ulipotokea msiba ukweni kwa wifi yangu, wanawake walimtuma mama mkwe aombe gari libebe ndizi na kuni. Huku kwetu mwenye gari haombwi mara mbili kwenye msiba. Siku hiyo akafunga turubai juu ya bodi, pale pa mizigo, akalikaza kwa kamba. Tulitembea na mikungu kichwani, akatupita, taa zote zinawaka-waka.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini baba yake asingenunua gari dogo tu, lingeingia hata getini.

"Gari dogo anaendesha mwalimu," akasema. "Ukiwa na pikapu, watu wanajua una shamba."

"Watu wanajua ana shamba. Wanalipita kila siku."

"Wewe huelewi mambo ya wanaume."

Aliyenielewesha ni mama mkwe, tukimenya ndizi. "Shingo ya baba yako umewahi kuiangalia?" akaniuliza, kisha akakumbuka kwamba siruhusiwi. "Imelala upande. Amebeba chai ya watu kwenye tenga tangu kijana. Beba hiki, beba kile. Sasa ana kitu kinaweza kubeba chochote, na hakuna mtu wa kumwambia abebe."

Nilielewa, na hasira ikazidi. Angekuwa na gari dogo, nani angemwomba kubeba mkungu? Asingepata wa kumkatalia. Amelipa pesa yote ile apate kukataa mbele ya watu, na mimi ninayekwenda kisimani na kliniki ndiye ninayezunguka.

Asubuhi ile mtoto aliamka anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Nikambeba. Gari lilikuwepo. Nikageuka kama kawaida, nikashuka kwenye migomba, na pale kijitoni mguu ukateleza. Nilianguka kwa magoti, kanga ikalegea, mtoto akachomoka mgongoni akaangukia tope. Hakulia. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba hakulia. Nikamwokota, nikamfunga upya, nikapanda kurudi kule kule nilikotoka, nikapiga kioo.

Mzee aliangalia usukani, akapandisha kioo. Gari halikusogea. Nikajibana kati ya bodi na mtaro, zipu ya koti langu ikikwaruza rangi yake, na sikuiinua. Zahanati walisema ni nimonia, nimewahi.

Jioni kikao cha familia. Mzee alikaa chumba cha pili, maneno yake yakaletwa na mama mkwe: mkamwana amemkosea adabu, alete kuku aombe radhi.

"Ulishindwa kumtuma mtu?" mama mkwe akaniuliza.

"Nimtume nani, mama, na mvua ile?"

Mume wangu akaninong'oneza, "Toa kuku yaishe."

"Na gari litaondoka?"

"Kuku ni wa adabu. Gari ni jambo lingine."

"Kwangu ni jambo moja."

Kesho yake, mtoto akiwa bado kwenye dawa, nilikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alisikiliza, akajikuna kidevu.

"Mama, unataka kumshtaki mkwe wako? Bulyaga nzima itakusema."

"Wameshaanza. Nipe karatasi."

"Haya. Andika kwa adabu."

Niliandika hivi, akapiga muhuri mbele yangu:

"YAH: MALALAMIKO JUU YA GARI KUZIBA NJIA YA WAKAZI.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wako na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba pikapu nyeupe ya baba mkwe wangu inalazwa na kushindishwa kwenye kichochoro ambacho ndiyo njia yetu pekee. Kwa mila ya familia siruhusiwi kumkaribia mwenye gari, na vioo vyake ni vyeusi, hivyo nalazimika kupita kijitoni. Nimeanguka huko na mtoto mgonjwa.

Naomba ofisi yako iamuru gari liondolewe njiani, au mwenye gari abomoe ukuta wake na kupanua geti kwa gharama zake. Mpaka hapo nitapita kando ya gari hilo, awemo asiwemo, nikiwa na mtoto wangu, na sitahesabu kwamba nimemkosea mtu. Kuku niliyeagizwa sitamtoa.

Naomba nijibiwe kwa maandishi."