Siku Baba Aliponiambia Nitangulie

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliiacha nikiwa ndiyo kwanza najua kuunganisha herufi, kwa hiyo mimi nasema, mjukuu anaandika vilevile ninavyosema, na asiyependa akunje karatasi.

Mwezi wa nane hapa Johannesburg upepo huleta vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya udongo wa migodi. Linaingia dirishani, linaingia mpaka kwenye sufuria. Wajukuu wangu wanakohoa na kulalamika. Mimi nikilinusa namwona Baba anavua shati la kazi mlangoni, kwetu Lubumbashi.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Tuliishi kambini, katika nyumba ya kazi: kazi ikiisha, unarudisha ufunguo. Jumapili moja baada ya misa akatangaza kwamba tunakwenda kutembea mjini kama wazungu. Kutazama tu, hakuna kununua. Mama akafunga bukari, ndio ugali wetu, na visamaki vikavu vya ndakala kwenye kitambaa, akambeba mdogo wangu mgongoni, tukatoka. Mimi nilikuwa bado na pengo la meno ya mbele.

Baba alinishika mkono. Aliniita Mama, maana nimebeba jina la mama yake, na mama yangu mzazi naye aliniita mama mkwe kila alipotaka kunicheka. Haraka hatukuwa nayo. Tulitazama kituo cha treni, tukatazama posta na saa yake kubwa, tukala bukari letu kwenye nyasi, maua ya zambarau yakituangukia kichwani. Na kila mahali tulipofika Baba aliuliza, "Mama, unaona nini?"

Mwanzoni nilifurahi kuulizwa. Tulipofika kwenye bustani ya wanyama nilikuwa nimeshachoka.

"Simba anafanya nini?"

"Amelala, Baba."

"Ana rangi gani?"

"Baba! Simba ana rangi ya simba!"

Alicheka mpaka watu wakageuka, lakini mkono wangu hakuuachia. Hatua chache mbele akatumbukiza viatu vyake vya kanisani kwenye dimbwi la maji.

"Siku hizi umekuwa bata," Mama akamwambia.

Jua lilipoanza kulegea, Baba akasimama njia panda. "Mama, tangulia wewe, uturudishe nyumbani. Na mtu asimwelekeze."

Kichwa kikanivimba. Nikakata kona ya kwanza vizuri, na ya pili vizuri. Halafu harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ikanivuta kama mbwa, nikajikuta mbele ya ukuta mrefu usio na mlango.

"Eh, mama mkwe," Mama akasema nyuma yangu, "umetuleta kunywa?"

Machozi yalikuwa karibu. Nikamtazama Baba anisaidie. Alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, na uso umemlowa jasho ingawa joto lilikuwa limeshapungua. Nikajiambia, huyu hatasema kitu. Basi nikatafuta bomba la moshi la kiwanda chao cha shaba, lililokuwa refu kuliko kila kitu mjini. Asubuhi lilikuwa kushoto kwetu. Nikaliweka kulia, nikatembea, nikatembea, mpaka nikaziona nguo za jirani yetu kwenye kamba.

Baba aliketi kizingitini na viatu vyake vya tope. "Sasa naweza kulala," akasema. Mama akageuza uso.

Tangu kesho yake aliniamsha alfajiri nimsindikize mpaka lango la kazi, na jioni nikamngoje palepale. Nilitembea kifua mbele. Nilidhani ndiyo zawadi yangu kwa kuipata njia.

Mama alizoea kusema macho hayana pazia. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo aliponieleza kwamba ya Baba yalikuwa nalo. Shaba inayoyeyuka, aliyoitazama miaka yote ile bila kitu usoni, ilikuwa imeyamaliza. Wenzake wa zamu walimficha, wakamwachia ufagio, kwa kuwa ndani ya lango miguu yake ilijua kila mahali. Tatizo lilikuwa kufika langoni. Ningekwama pale kwenye ukuta wa bia, Jumatatu angerudisha ufunguo, na sisi sote barabarani. Mji mzima ule alikuwa ameuaga kwa macho yangu, na mimi nikimcheka kwa sababu ya rangi ya simba.

Mwaka 2018 mwanangu Kasongo, fundi cherehani hapa Yeoville, alifunga duka siku moja akatutembeza mjini. Tukapanda ghorofa refu lenye madirisha ya kutazamia. Wajukuu wakawa wanaonyeshana mnara wa Hillbrow na vilima vya migodi. Ngalula, yule mdogo, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kizulu. Siku hiyo akajitahidi, akaniita bibi kwa Kiswahili cha kwetu: "Eish, Kambo, unaona nini?"

Niliona mwanga, na ukungu wa njano. Mnara wao sikuuona.

Tulipofika chini Kasongo akatoa simu atafute njia. Nikawaambia wote, palepale barabarani:

"Rudisha hiyo simu mfukoni. Ngalula, njoo unishike mkono, utangulie, utupeleke nyumbani. Ninyi wengine fuateni nyuma. Na akipotea, mtu asimwelekeze."