Nilibonyeza Mbele ya Wakwe

Nimekosa, na mpaka leo simu ikilia moyo unaruka.

Msinidharau kabla hamjanisikia. Nilijisomesha mwenyewe Nairobi, nikarudi Uvira na diploma. Toka Kalundu hadi milimani, seva za vituo vyetu vyote vya afya, mashine zinazotunza habari za wagonjwa, zinanitii mimi. Hilo nalisema hata leo.

Siku ya kupeleka mahari kwa kina mchumba wangu, huko Sange, baba mkwe alinitazama mbele ya watu.

“Mukwe, weye kazi yako ni gani? Duka hatuone, shamba hatuone!”

Wakacheka. Kiburi kikanipanda! Nikatoa simu.

“Baba, nikibonyeza hapa tu, mashine zote zinajifungia milango, wezi wasiingie.”

Yalikuwa masasisho mapya ya usalama. Kanuni naijua, nimewafundisha wengine: jaribu kwenye seva moja, ngoja uone, ndipo uguse nyingine. Mimi nikabonyeza zote. Vigelegele!

Zilizima ili ziwake upya. Haikuwaka hata moja.

Tulikuwa bado tunakula wali, simu ya mama mkwe ikalia. Binti yake mkubwa alikuwa kituo cha milimani akijifungua, mtoto amekwama tumboni, lazima mama apasuliwe. Daktari anauliza: ni dawa gani ya usingizi iliyotaka kumuua uzazi uliopita? Mgonjwa hajitambui. Jibu limo ndani ya mashine, na mashine imekuwa nyeusi.

Jamani! Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikampigia muuguzi wa kule.

“Zima. Washa. Chagua toleo la zamani!”

“Kaka, iko Kiingereza tupu!”

“Mstari wa pili! Bonyeza wa pili!”

Mtandao ukakatika. Akilini nilimwona dada wa mchumba wangu amekufa, nimemuua kwa kidole kimoja. Nilipiga tena, na tena.

“Imewaka,” akasema mwishowe. “Daktari anaisoma.”

Mama na mtoto wako hai. Baba mkwe alinikumbatia mbele ya wote: “Mukwe wetu ameamusha mashine!” Mchumba wangu peke yake hakupiga makofi. Aliniona nikibonyeza, akaniona nikikimbia.

Nyinyi mnaotunza mashine nyingi, anzeni na moja! Msifanye kazi ya watu ili mpigiwe vigelegele!

Jina langu siandiki. Ndilo walilompa yule mtoto.