Mtunza Mizigo na Wapelelezi wa Kijiweni

Habari za kifo cha mtunza mizigo nilizipata kijiweni, katikati ya mabishano juu ya maiti mwingine. Ilikuwa asubuhi baada ya usiku wa tamthilia, na ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua Kariakoo inavyokuwa asubuhi kama hiyo. Hakuna salamu wala kujuliana hali. Mtu anafika kwenye kahawa na swali moja tu, "Jana umeona?" Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa baraza ya duka la mabegi, kikombe mkononi, nikiwasikiliza wanaume wazima wenye wake na watoto wakigombana kama yule mama wa kwenye tamthilia alilishwa sumu na dereva wake au na mdogo wake. Muuza makava ya simu, ambaye kijiwe kizima kimemkubali kuwa ndiye mpelelezi mkuu, alikuwa ameshika hoja. Akaeleza habari ya glasi, akaeleza habari ya mlango wa nyuma, kisha bila hata kubadili sauti akasema, "Halafu yule mzee wa mizigo kafariki, wanazika leo baada ya alasiri. Sasa nyie hamkuona ile glasi ilivyobadilishwa?" Wakaendelea na glasi. Nikaimwaga kahawa mtaroni nikaondoka.

Nisijifanye malaika. Tamthilia hiyo ya upelelezi nami naitazama. Mke wangu ndiye aliyenitia humo, na siku hizi ikianza mgeni akabisha hodi naona kama amenionea. Imetengenezwa vizuri, mauaji yake yana akili, na kila episodi inaisha pale pale moyo unapotaka kujua zaidi. Sina ugomvi nayo. Kinachonichefua ni sisi watazamaji, tunaoamka asubuhi tukiwa na hamu ya mshukiwa, na tusipotosheka na yule wa kwenye runinga tunamtafuta mwingine mtaani.

Kwa wale ambao hawakumfahamu marehemu, kazi yake ilikuwa kuachiwa. Mtu anatoka Lindi au Masasi kuja kufunga mzigo, ananunua mashuka duka hili, bado anatafuta viatu mtaa wa tatu, na hawezi kuzunguka Kariakoo yote na robota kichwani. Anamwachia mzee. Mzee alikuwa na nguzo yake, hatua chache kutoka hapo tunapokunywa kahawa, na kando yake furushi la mabaki ya vitenge aliyoyaokota kwa mafundi cherehani. Ukimletea mzigo anachomoa kipande cha kitenge, anakichana vipande viwili, nusu anaifunga kwenye mzigo, nusu anakupa wewe. Ukirudi anaviweka vile vipande viwili pajani, anavisogeza taratibu, michano ikiingiana unabeba mzigo wako unakwenda. Niliwahi kumuuliza kwa nini hatumii mkasi, kazi iwe nadhifu. Akanijibu, "Mkasi unakata sawasawa kila siku. Kitambaa kilichochanwa kwa mkono hakipati pacha." Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Ukimwambia shikamoo atakuitikia marahaba, ukimuuliza habari atasema nzuri, basi, anarudi kuangalia mizigo ya watu.

Ukimya huo ndio uliomponza. Msimu uliopita wa tamthilia, kama mnakumbuka, muuaji aliyetafutwa wiki nenda wiki rudi alitokea kuwa mlinzi wa getini, mtu mpole, asiyesema, ambaye hakuna aliyemdhania. Kijiwe kililipuka asubuhi ile. Muuza makava alitembea kifua mbele kwa sababu yeye alishasema mapema. "Mimi niliwaambia, anayekaa kimya ndo mwenyewe," akasema, na tangu hapo ikawa kanuni. Kila mtu mkimya Kariakoo akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni, mwanzoni kwa mzaha. Mzee wa mizigo walimbandika jina la yule mlinzi wa kwenye tamthilia. Walimwita hivyo akipita kwenda msikitini, wanacheka, naye hakujua wanacheka nini maana nyumbani kwake hakukuwa na runinga.

Wiki hiyohiyo mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lindi akapotelewa na mzigo. Aliacha marobota mawili kwa mzee, akarudi akakuta moja. Mzee akamwambia aliyelichukua alikuja na kitambaa chake na kiliingiana, akamwonyesha vipande vyote viwili. Mama hakuelewa. Alikaa chini kwenye lami, akashika kichwa akalia, na sauti yake ikawafikia wapelelezi wetu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kunawa. Hawakumkimbilia mama kumsaidia kutafuta. Walikaa palepale kwenye mabenchi, wakaanza kulichambua kama walivyochambua episodi ya jana yake. Mmoja akasema mzee hakushtuka mama alipolia, na yule mlinzi naye hakushtuka. Mwingine akasema mzee alifika mapema kuliko siku zote, kwa hiyo alikuwa na mpango. Muuza makava akafunga kesi. "Ile ya vitambaa ni geresha. Anajichania mwenyewe vyote viwili, nani atajua?" Nikauliza mna ushahidi gani, mtu huyu mnamjua tangu hamjapata hata meza ya kupanga bidhaa. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama asiyejua kusoma. "Mzee wangu, wewe si unaangalia pia? Hivi huwa hujifunzi?"

Wakacheka. Kisha akainua simu, akampiga picha mzee akiwa ameinama kwenye nguzo yake, akamzungushia duara jekundu kama wanavyozungushiwa washukiwa kwenye tamthilia, akaisukuma kwenye magrupu ya wafanyabiashara. Kabla ya adhuhuri kila mwenye duka Kariakoo, na kila mama anayefunga mzigo kwenda kusini, alikuwa ameshaiona sura ya mwizi.

Siku ya pili yule mama alipiga simu kwa mwenye duka la mabegi, safari hii analia kwa aibu. Mdogo wake wa kiume, aliyemshikia pochi wakati anajaribu viatu, alichomoa kitambaa kimoja, akachukua robota akalitanguliza kwenye basi, akaenda zake kwa jamaa yake Buguruni na simu ikamzimikia. Mzigo ulifika Lindi salama, umefungwa kama ulivyofungwa. Mzee alikuwa amempa robota mwenye kitambaa, jambo ambalo ndilo lililokuwa kazi yake. Mwenye duka akatoka barazani akatangaza, nasi sote tukasikia.

Adhuhuri ile mzee aliacha nguzo yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mizigo ikiwepo, ila siku hiyo haikuwepo. Akaja mpaka kijiweni. Wapelelezi walikuwa wameinamia simu ya muuza makava wanarudia kutazama episodi ya usiku, vichwa vimegusana. "Mzigo umeonekana," akasema mzee.

"Tumesikia, mzee," akajibu muuza makava bila kuinua macho.

"Basi semeni. Mlisema hapa kwamba nimeiba. Semeni hapahapa kwamba sikuiba."

"Ngoja kidogo, mzee. Tangazo likija tunaongea."

Akangoja. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mwenye mvi, mikono ameifunga nyuma, amesimama juani akisubiri tangazo la sabuni ili arudishiwe jina lake. Tangazo likaja. Wakanyoosha shingo, wakajinyoosha mgongo, na wakaanza kubishana kama yule mpelelezi wa kike ataolewa au atauawa. Nikasema, jamani, kuna mtu anawasubiri. "Aah, mzee wangu," akaniambia muuza makava, "si yameisha? Mzigo umepatikana, kila mtu ana amani yake." Mzee akamuuliza, na picha je. Akajibiwa kuwa picha ishatembea, nani ataifuata. Tangazo likaisha, vichwa vikainama tena. Mzee akasimama kidogo, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri, kisha akarudi kwenye nguzo yake akakusanya mabaki yake ya vitenge.

Hakuachiwa mzigo tena. Picha ilikwenda mbali, ukweli ulibaki barazani. Mtu ambaye kazi yake ni kuaminiwa huwezi kumpaka doa dogo, ni kama maziwa, tone moja la ndimu linatosha. Mwishoni alikuwa Buguruni anamenya viazi nyuma ya banda la chipsi. Nilimkuta huko mara moja, ndoo ya maji mbele yake. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari, akasema nzuri. Alikufa kwa presha. Hivyo ndivyo hospitali walivyosema, na mimi sitaongeza langu, maana sina ushahidi na sitaki kufanana na watu ninaowasema hapa.

Tumekuwa watu wa ajabu. Umbea haukuzaliwa jana, nimekulia Ilala, naujua. Lakini umbea wa zamani ulikuwa na mwenyewe. Aliyekuzulia jambo ulijua nyumba yake, na mambo yakidhihirika mama yake alimshika mkono akamleta mlangoni kwako kuomba radhi, akiwa amefura kwa hasira na aibu. Leo uzushi ni burudani, na aliyezushiwa ni mhusika tu, kazi yake kutuchangamsha mpaka episodi nyingine. Akitokea kuwa hana kosa tunaona kama ametuharibia hadithi. Nimejaribu kutafuta neno la adabu la kueleza hali hii nikalikosa. Inatia kinyaa.

Alasiri nilikwenda kumzika. Chini ya turubai, mtaani kwake Ilala, kijiwe kilikuwa kimekuja karibu chote, kwa kuwa msiba hatususi, hilo bado tunalo. Walikaa kwenye mikeka, vichwa chini, na kwa mbali ungedhani wamezama kwenye huzuni. Nikasogea nikasikia. Walikuwa kwenye glasi bado. Maiti amelala ndani anaoshwa, na nje watu wanabishana juu ya sumu ya mama ambaye mshahara wake wa kuigiza kufa ameshaula. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Msikitini, kabla ya kumswalia, imamu alitugeukia akauliza kama inavyoulizwa kila siku, "Ndugu Waislamu, marehemu huyu mnamshuhudiaje?" Mnajua jibu lake, tumelijibu mara ngapi hata hatulisikii tena. "Mtu mwema." Akauliza tena, tukajibu, "Mtu mwema." Akauliza mara ya tatu, na sauti ya muuza makava, aliyekuwa safu ya mbele yangu, ilipanda juu ya sauti za wote, safi, bila kukwama, sauti ya mtu ambaye hajawahi kusema jambo jingine lolote. Nilimtazama kisogo chake. Sikuona chembe ya aibu, na jambo baya zaidi ni kwamba siamini alikuwa anajikaza kuificha. Alikuwa amesahau kweli.

Tuliporudi kutoka makaburini nilipita kutoa pole kwa mjane. Alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia, mimi nimekaa kwenye kigoda ukumbini. Nikasema yale yanayosemwa. Akashukuru. Kisha akaniuliza, "Shemeji, msikitini waliulizwa?"

"Waliulizwa."

"Walisemaje?"

"Walisema mtu mwema."

"Na wale wa pale kwenye kahawa, nao walisema?"

Nikamwambia walisema, na yule mwenye picha alisema kuliko wote. Nilidhani itampoza. Uani wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya ubwabwa. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayekunja nguo, "Kumbe wanajua kulisema. Siku ile alirudi hapa akaniambia pengine ni gumu kwao, tusiwalaumu. Mpaka anaingia hospitali alikuwa anawatetea, anasema ni gumu. Kumbe ni maneno mawili tu."

Niliaga, nikarudi nyumbani kuandika safu hii. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishamaliza. Ushuhuda tuliompa mtunza mizigo ulimkuta amefungwa sanda, hawezi kuusikia wala kurudi nao nguzoni, na wakati alipouhitaji alisimama juani tukamwambia asubiri tangazo. Kwa hiyo msomaji wangu, kama kuna mtu uliyemsema vibaya ukaja kujua hukuwa sahihi, leo kabla runinga haijawashwa nenda mpaka pale uliposimama kumsema, umshuhudie angali na masikio. Ukingoja mpaka imamu akuulize, nyamaza. Utakuwa unamdanganya Mungu mbele ya maiti.