Huyo Mtoto Hukumpoteza

Kuna Jumatatu moja huwa inanirudia, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi, tukiishi Kinoo kwa ploti ya Shosho Wangari, nyanya aliyetupangisha chumba. Mchana nilikuwa nauza vitambaa kwa duka moja town, jioni naenda kusoma, kwa sababu shule niliachia darasa la saba.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa imeshaanza kuonekana. Nakwambia wazi kwa sababu naona siku hizi haya mambo mnayabeba peke yenu.

Nilitoka hospitali Ijumaa, Jumatatu nikarudi kazini. Hakuna mtu aliniambia nirudi, na hakuna aliniambia nisirudi. Kwa ploti walikuwa wananiambia, "Pole, tumesikia ulipoteza." Halafu jirani yangu Mama Brayo, na hakuwa na ubaya, akauliza, "Lakini ulipotezaje? Si ulikuwa tu sawa?"

Nikaanza kutafuta. Labda ni ule mtungi wa maji nilibeba. Labda ni zile ngazi za darasani. Labda ni ile Jumapili nilikosa kanisa. Nilitafuta vile mtu hutafuta funguo. Baba yako naye alikuwa amenyamaza, nikajua ananilaumu.

Jioni ya hiyo Jumatatu sikuenda darasani. Shosho alinipata nikikunja nguo za mtoto nizipeane. Nikamwambia, "Shosho, nimepoteza mtoto, na hata sijui ni wapi nilikosea."

Akageuza ndoo, akaketi. "Kwani alianguka kutoka kwa mfuko? Kitu ikipotea unarudi mahali uliiacha. Huyu hukumwacha mahali. Huyo mtoto hukumpoteza, msichana wangu. Umefiwa."

"Lakini watu hawasemangi hivyo."

"Watu ni mimi. Weka chai, naenda kuita wamama wa kanisa. Na iwe sufuria kubwa, hao wanakunywa kama ng'ombe."

Wakaja kabla giza iingie, na sukari, maziwa na mikate, vile hupelekwa nyumba yenye matanga. Mama Brayo alikuja pia, akaosha vikombe. Hakuna aliuliza ilikuwaje. Waliimba, halafu Shosho akaomba, akamshukuru Mungu kwa huyo mtoto hata kama hatukumshika. Hapo baba yako akalia. Kumbe yeye pia alikuwa anangoja mtu amwambie pole.

Sasa, mwanangu, mtu akikwambia amepoteza, jua kwanza ni nini imemfanyikia. Simu ikipotea, tafuta, na usipoipata nunua ingine ukijaliwa. Ukianguka mtihani, umeshindwa hiyo siku tu, rudi ufanye tena. Mimi hesabu ilinishinda mara mbili na bado nilipita. Rafiki akipotea, mpigie, usingoje akupigie. Lakini mtu akifiwa, hata kama hakuna kaburi ya kuonyesha watu, usimtume kutafuta makosa. Enda ukae na yeye. Na ikiwa ni wewe umefiwa, usiende kazi ukijifanya. Fungua mlango, wacha watu wakuje.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Na siku ile hatakuepusha na msiba, akupe watu wa kukaa na wewe mpaka chai iishe.