Fyuzi ya Bei ya Mtamba

Siku ile tulikuwa watano sebuleni: mimi; mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye ni muuguzi kule mjini Mkuu; mdogo wetu wa kiume, anayefanya kazi Dar; kitindamimba wetu, msichana aliyekuwa bado chuoni; na shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Krismasi ilikuwa imepita juzi. Supu ya mbuzi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyetaka kunyanyuka.

Mdogo wangu wa kiume akatoa kiboksi kidogo mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Mae! Pete?" shangazi akaruka. "Unamvisha dada yako badala ya kutafuta mke?"

Ndani, juu ya sponji nyeusi, kulikuwa na kibomba kifupi kuliko kiungo cha kidole, ncha zake zina rangi ya dhahabu.

"Ni fyuzi," alisema. "Ya amplifaya ya baba. Hii siyo ya dukani pale Njoro, dada. Rafiki yangu anayo, nimesikia mwenyewe. Ukiiweka, besi inatulia, sauti za watu zinakuja mbele."

Amplifaya ile, pamoja na deki ya kanda na spika zake, ndiyo kitu pekee cha baba ambacho sikukiuza wala kukigawa. Wazazi walifariki wakifuatana, kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikashika ng'ombe na migomba, na hawa watatu wakasoma. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Sioni cha kuhurumiwa. Lakini mdogo wangu huyu, tangu apate kazi, amekuwa kama mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo. Kila Desemba ananiletea kitu, na kila mara ananitazama usoni kuona kama kimetosha.

Kitindamimba alikuwa ameshatafuta bei kwenye simu. Akamwonyesha muuguzi, muuguzi akashika mdomo.

"Mtamba!" alisema. "Mtu amenunua mtamba mzima akamtia kwenye kiboksi cha pete!"

"Wewe masikio yako yameharibiwa na kelele za wodini," kaka yake alimjibu. "Subiri, utasikia."

"Basi tusikie bila kuona," kitindamimba akasema. "Nyie geukieni ukuta. Mimi nabadilisha fyuzi, ninyi mniambie ipi ni ipi."

Kwanza alihakikisha kwamba namba zilizoandikwa kwenye fyuzi zote mbili zinafanana. Kisha akachomoa plagi na kufungua kifuniko cha fyuzi kwa bisibisi. Tulichagua kanda ya zamani ya kwaya ya usharika wetu, wimbo wa sikukuu ya mavuno. Mama aliimba kwenye kwaya ile, sauti ya pili. Tulijua yumo, ila hatukuwahi kumtambua.

Tukageukia ukuta kama wanafunzi waliopewa adhabu. Ubeti mmoja ukapigwa. Plagi ikachomolewa, tukasubiri, ikarudi, ubeti uleule ukapigwa tena.

"Hiyo mpya," mdogo wangu alisema kwa furaha. Kisha, "Hiyo ya zamani. Hamsikii ilivyofifia?" Kisha tena, "Mpya, kabisa kabisa."

Kitindamimba alihesabu mpaka mwisho. Ndipo akasema taratibu, kwa sababu anampenda, "Kaka, umekosa mara nyingi kuliko ulivyopata."

Muuguzi akaangua kicheko, kisha akauona uso wa kaka yake, akakikata. Mdogo wetu alikuwa anafungua na kufunga kile kiboksi kitupu.

"Dada, sema wewe," aliniambia. "Umesikia tofauti?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini watoto hawa niliwalea kwa neno langu. Nikisema kesho kuna chakula, kilikuwepo. Nikisema hakuna, walilala wakijua. Sikuwa na kingine cha kuwalelea.

"Sijasikia," nikasema. "Kwangu ni ileile."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka atoke nje.

"Ngoja, baba," shangazi akamwambia. Alikuwa bado ametazama ukuta. "Hebu rudisheni pale ubeti unapoishia."

Kitindamimba akarudisha kanda.

"Huyo," shangazi akasema. "Huyo anayechelewa kuliachia neno. Wenzake wameshanyamaza, yeye bado. Mwalimu wa kwaya alimgombeza mpaka akachoka. Huyo ndiye mama yenu."

Mama alipofariki, kitindamimba alikuwa hajaanza kutembea. Sasa alirudisha kanda bila kuambiwa, akarudisha tena, kiganja chake kikiwa juu ya spika.

"Shangazi, mbona hukutuambia miaka yote hii?" muuguzi aliuliza.

"Ningewaambia saa ngapi? Kanda hii mnaipiga mkifua, mkiosha vyombo, mkigombana. Leo ndiyo mara ya kwanza mmenyamaza."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Fyuzi yako ibaki humohumo."

"Si umesema haina tofauti?"

"Haina. Ibaki."

Akarudi akakaa.

Mtu akiniuliza leo kama fyuzi ghali inabadilisha sauti, namwambia anunue ya kawaida, mradi namba ziwe sawa. Lakini bila ile ghali tusingekaa tukitazama ukuta, tukisikiliza ubeti mmoja mchana kutwa. Mdogo wangu anaamini bado ananilipa deni la ada na sare za shule nilizomlipia. Mimi nimeshahesabu kwamba limekwisha. Kwa miaka yote ya ng'ombe na migomba sikuweza kumpa kitindamimba sauti ya mama yake. Kaka yake alikuja nayo bila kujua, akaondoka akidhani zawadi yake imeshindwa.

Asubuhi ya safari nilimfungia ndizi na maziwa mgando mpaka akalalamika kwamba basi litamkataa. Nilishukuru kwa maneno pia, akasema, "Acha, dada." Ndizi hazikutosha, na maneno hayakutosha. Bado natafuta cha kumrudishia.