Siku Mteuzi Alipolikataa Robota Letu

Harufu ya tumbaku iliyokaushwa ni tamu, ndugu zangu, msiwasikilize wavutaji. Inanukia kama asali iliyosahauliwa ndani ya gunia. Juzi jirani yangu hapa Mpanda alipitisha mzigo wake mlangoni kwangu, nami, mama mzima ninayejulikana mtaani kwa kutotoka ndani hata kwa harusi, nikajikuta nimepandwa na hasira.

Nilikuwa na miaka tisa, shambani kwetu Inyonga. Kazi yangu ilikuwa kufunga majani mafungumafungu. Jani lililokauka sana huvunjika, na likivunjika Baba alinichapa. Basi siku moja, kwa akili zangu nyingi, nikayanyunyizia maji. Yakalainika vizuri. Nikanyunyiza tena, maana mimi nikipata wazo zuri sijui kipimo.

Siku ya soko, pale ghalani, mteuzi, yule anayepanga tumbaku madaraja, alichomeka mkono katikati ya robota letu, mzigo mzima wa mafungu tuliouleta kuuza, akatoa jani lenye ukungu mweupe. Likakataliwa mbele ya watu wote. Baba alinishika bega, akanisimamisha juu ya mzani.

"Na huyu mteue," akamwambia. "Mpe daraja lake."

Mteuzi alinitazama, anatafuna kijiti. "Huyu, mzee wangu, ni wa kuchoma tu."

Watu walicheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda. Tangu hapo nimekuwa hodari wa kujicheka kabla sijachekwa. Mume wangu aliponichumbia nilimuuliza kama macho yake ni mazima. Nikiitwa kwenye usaili wa kazi, nasingizia ugonjwa.

Mwaka huu binti yangu alichoka nami, akanipeleka kwa mshauri nasaha, dada wa umri mdogo tu. Alinieleza kwamba mtoto akiumizwa hivyo hujihukumu mwenyewe, hukumu hiyo ikaota mizizi, na mtu mzima akaishi kwa kuifuata bila kuuliza nani aliitoa. Tiba yake, wanaiita ya skima, yaani ya imani zilizojengeka utotoni, ni kurudi palepale na kumpa yule mtoto alichokosa. Akaniambia nifumbe macho, niingie ghalani nikiwa na umri wangu wa sasa.

"Mama, mtoto yuko juu ya mzani. Unamfanyia nini?"

Nikasema ningeangalia kwanza ana kilo ngapi. Hakucheka. Nilimchukia dakika nzima.

Kisha nikamteremsha yule mtoto, miguu peku, nikageuka nimwombee msamaha kwa Baba. Ndipo nikaiona mikono ya Baba. Robota lile alilifunga yeye. Kila fungu lilipita viganjani mwake, akalipanga, akalishindilia kwa mguu. Hakuna mkulima Inyonga asiyelijua jani lililolowa kwa kiganja, na hakuna asiyejua kwamba maji huongeza uzito, na uzito ndio pesa.

"Ulijua," nilisema, na sauti ilinitoka hadi waliokuwa wanasubiri nje ya ofisi ya mshauri wakachungulia mlangoni. "Ulijua, Baba, ukalifunga hivyohivyo. Lilipokataliwa ukanitoa mimi kafara."

Nilikuwa nimedhani hasira yangu ni ya kuchekwa. Kumbe ni ya kudanganywa. Ila mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa na baba mwongo na bado ale ugali wake kwa amani. Kwa hiyo nilikubali kuwa mbovu mimi, ili yeye abaki mzuri. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini bila hata siku moja ya likizo. Nimeiacha.