Kobe Tumboni pa Nyanya

Kila ninaponusa jiwe laini la kuchonga la kwetu Tabaka lililolowa maji, narudi chumbani kwa nyanya. Alikuwa amekaa kitini miezi mingi, hata kuvuka kizingiti tu kulimkata pumzi. Muuguzi alimwagiza alale chali, aweke kitu kizito tumboni, akiinue kwa kuvuta pumzi. Tulitumia kobe wa kuchongwa kwa jiwe hilo. Mimi nilihesabu.

Siku moja, nilipofika kumi na tisa, kobe hakuinuka. Nilimtikisa nyanya bega.

“Magokoro, nyanya yangu! Vuta pumzi!”

Akafumbua jicho moja. “Nimepumzika kidogo tu, mjukuu wangu. Anza tena moja.”

Nilianza tena: moja, mbili.

Sabato chache baadaye alipanda kilima kwenda kanisani kwa miguu yake. Watoto wenzangu walitangulia wakiimba. Mimi nilibaki nyuma yake, nikisikiliza kila pumzi.